Fundi wa mnara, mhandisi na chama: jibu kwa msomaji wa Tororo

Swali limetoka kwa msomaji mmoja wa Tororo:

"Shikamoo mzee. Mimi ni fundi sanifu, nina diploma ya umeme. Kampuni yetu inatunza minara ya simu kutoka Malaba hadi Mbale: jenereta, betri, sola na vifaa vya juu. Mafundi na wahandisi tuko kama arobaini. Mkataba wangu nilisaini na wakala wa ajira, ni wa mwaka mmoja mmoja, na umeshahuishwa mara tatu. Zamu za usiku hatulipwi. Mwenzetu alianguka kutoka mnarani, matibabu nusu akajilipia mwenyewe. Tulipoanza kuzungumza habari za chama, wahandisi wakasema chama ni cha vibarua, wao wana taasisi yao. Meneja naye akaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba atakayeleta siasa za chama asitarajie mkataba mpya. Je, sheria inaturuhusu? Tujiunge na chama kipi, au tuunde chetu? Na mimi mwenye mkataba wa mwaka nina kinga gani?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na lililo jepesi. Ruhusa mnayo, na hamna mtu wa kumwomba. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 40, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama au kujiunga na anachokitaka, kujadiliana na mwajiri kwa pamoja, na kuacha kazi kwa kufuata sheria. Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya 2006 inamkataza mwajiri kumzuia, kumtisha au kumbagua mtu kwa sababu ya chama, na anayekiuka ametenda kosa la jinai. Uganda pia imeridhia mikataba mikuu miwili ya Shirika la Kazi Duniani inayohusu jambo hili: namba 98 mwaka 1963, na namba 87 mwaka 2005. Hakuna mahali popote humo panapouliza una cheti gani.

Wahandisi wenu wananitia wasiwasi kuliko meneja. Meneja anajulikana anataka nini. Wao wanachanganya vitu viwili ambavyo wasomi wengi wa nchi hii huvichanganya.

Taasisi ya wahandisi, UIPE, ni jumuiya ya taaluma. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ni chombo cha kisheria kilichotokana na sheria ya 1969. Kazi yao ni kulinda uhandisi wenyewe: nani aitwe mhandisi, amesoma nini, amekiuka maadili gani. Mhandisi akipitisha mchoro mbovu, bodi itamwita ajieleze. Lakini akikaa nusu mwaka bila kulipwa kazi ya usiku, hilo si jambo la bodi, wala mwajiri halazimiki kukaa na taasisi kuzungumzia mishahara. Anayelazimika kukaa naye ni chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa, chenye wanachama ndani ya kampuni. Kadi hizi mbili hazigombani. Wauguzi wetu wamesajiliwa na baraza lao, wanaogopa kufutwa kwenye daftari lake kama mhandisi anavyoiogopa bodi, na papo hapo wana chama chao cha wafanyakazi kinachowasemea mishahara. Hakuna muuguzi aliyepungukiwa hadhi kwa hilo. Madaktari, kwa upande wao, waligoma Novemba 2017 kwa takriban wiki tatu wakiongozwa na jumuiya yao ya kitaaluma. Nchi nzima iliwasikia, ila uhalali wa mgomo ule ulibishaniwa tangu mwanzo. Mwenye chama kilichosajiliwa hupunguza ubishi wa namna hiyo kabla haujaanza.

Nyuma ya maneno yao ipo pia imani kwamba mtaalamu hujitetea mwenyewe, na kwamba kusimama pamoja ni kwa wasio na ujuzi. Waulize kuhusu Seattle, Marekani. Wahandisi na mafundi sanifu wa Boeing, kampuni ya kutengeneza ndege, wana chama kinachoitwa SPEEA, ambacho mwaka 1999 kilijiunga na IFPTE, shirikisho la wahandisi na mafundi wa Marekani na Kanada lililoanzishwa 1918. Mwaka 2000 waligoma siku 40. Makanika wa kuunganisha ndege walikuwa na chama kingine na waliendelea na kazi. Kilichokwama zaidi kilikuwa kuzikabidhi ndege kwa wateja, kwa sababu sehemu ya watu wenye mamlaka ya kukagua na kuthibitisha kwamba ndege inafaa kuruka walikuwa nje ya geti. Kampuni iligundua kwamba ndege isiyo na sahihi ya mkaguzi haiuziki.

Sasa chukua karatasi yako ya matengenezo. Saa za jenereta, volti za kila betri, lita za dizeli ulizozikuta na ulizoziacha, hali ya mkanda wa usalama, na chini kabisa jina na sahihi ya fundi. Mwenye mnara anailipa kampuni yako kwa karatasi kama hiyo. Sisemi mgome, na nitaeleza hapa chini kwa nini. Nasema mhandisi anayeamini chama ni cha vibarua hajawahi kujiuliza nguvu yake kazini inatoka wapi. Haitoki kwenye cheti kilichotundikwa ukutani. Inatoka kwenye sahihi ambayo asiye na ujuzi hawezi kuiweka, na sahihi ya mtu mmoja hupatikana kwa mtu mwingine kesho yake asubuhi. Za watu arobaini ni habari nyingine.

Na kuna hatari ya upande wa pili, ambayo tumeiona hapa hapa nyumbani. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye digrii hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, wa masomo ya sanaa wakabaki mbali chini. Juni mwaka huo chama cha walimu, UNATU, kikaitisha mgomo wa kudai usawa. Walimu wa sayansi walikuwa na chama chao pembeni na walishapata nyongeza yao. Mgomo ukaisha mapema Julai baada ya kikao na Rais, na pengo halikuzibwa. Unaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu sera ile. Mimi ninachokiangalia ni kwamba watu wa chumba kimoja cha walimu walikuwa na madai mawili yasiyokutana. Kwenu mhandisi na fundi wakitafuta kila mmoja mlango wake, mwajiri hahitaji hata kuwatisha.

Kwa hiyo kuhusu kuunda chama chenu wenyewe, ushauri wangu ni msifanye hivyo. Watu arobaini wa kampuni moja wanaweza kukutana, kuandika katiba na kuchagua viongozi, lakini kesi ya kwanza itakula michango yote. Hakuna wa kumlipa wakili, na mwenyekiti wenu ni mtu ambaye mkataba wake unaisha Desemba. Tafuteni chama cha sekta ambacho kimeshasajiliwa. Kwa kazi yenu naona milango miwili. Upo Uganda Communication Employees Union, ambacho mizizi yake ni ya enzi za shirika la posta na simu. Upo pia Uganda Electricity and Allied Workers' Union, chama cha watu wa umeme. Ninyi mko katikati: kazi ya betri na jenereta ni umeme, mnara ni mawasiliano. Mimi ningeanza na cha mawasiliano kwa sababu mteja wenu yuko huko, ila nendeni ofisi zote mbili mkaulize maswali yasiyo na aibu. Wana mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi, na kampuni gani sasa hivi? Mtuonyeshe nakala moja. Michango ni asilimia ngapi ya mshahara? Mara ya mwisho mlifanya uchaguzi lini? Wanachama wenu wanaoajiriwa kupitia wakala ni wangapi? Chama kinachokasirika kwa maswali haya mkiache. Vyama vingine hapa nchini vimekuwa ofisi ya mtu mmoja na mhuri wake, na mnajua ninachokisema.

Mtasikia pia kuna mashirikisho mawili juu ya vyama, NOTU la mwaka 1973 na COFTU la mwaka 2003. Mvutano wao usiwapotezee muda. Kwenu ninyi kilicho muhimu ni chama kilicho chini, chenye mtu atakayekuja Tororo.

Suala la wakala sasa. Mwajiri wako kwenye karatasi ni wakala, anayekutuma mlimani usiku ni meneja wa kampuni, na mnara wenyewe ni wa mtu wa tatu. Sekta yenu ina historia hiyo. MTN iliingiza minara yake kwenye ubia na American Tower kuanzia mwisho wa 2011, Airtel ikauza yake kwa Eaton Towers mwaka 2014, na Eaton yenyewe ikanunuliwa na American Tower mwishoni mwa 2019. Watu wa umeme nao, mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya usambazaji iliyoitwa Umeme uliisha tarehe 31 Machi 2025, na kesho yake nguzo zilezile zikawa chini ya UEDCL, kampuni ya serikali. Mwenye mali hubadilika, mitambo na mafundi hubaki palepale, na jambo lolote ambalo halikuandikwa popote hupotea njiani. Bunge lilijaribu kuweka utaratibu wa ajira za kupitia mawakala kwenye muswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira, likaupitisha 2023, Rais akakataa kuusaini. Kwa hiyo mnapambana na sheria ya 2006, ambayo haikuandikwa kwa ajili ya hali yenu.

Kivitendo maana yake ni hii. Fomu zenu za makato ya michango zitapelekwa kwa wakala, kwa sababu yeye ndiye anayetoa mshahara. Lakini hifadhi kila kitu kinachoonyesha nani anakuongoza kazini: ujumbe wa kutumwa, ratiba za zamu, barua za onyo, kitambulisho chenye nembo. Siku mkifika mbele ya afisa kazi, yaani afisa wa serikali anayesimamia sheria za kazi, kila mmoja atamsukumia mwenzake mzigo, na karatasi hizo ndizo zitakazoonyesha bosi ni nani.

Nije kwenye swali lako la mwisho, ambalo ndilo gumu. Sheria ya Ajira inasema wazi kwamba kuwa mwanachama wa chama, au kushiriki shughuli zake nje ya saa za kazi, si sababu halali ya kumfukuza mtu. Aliyefanya kazi mfululizo wiki 13 ana haki ya kulalamika kwa afisa kazi kuhusu kuachishwa isivyo haki, na malalamiko yapelekwe ndani ya miezi mitatu. Wewe wiki hizo ulizipita zamani. Tatizo ni kwamba meneja wenu, au aliyemshauri, hakusema atawafukuza. Alisema hatahuisha. Waajiri wengi wanaamini hapo wamepata kichochoro: mkataba umekwisha, tumeagana, hakuna aliyefukuzwa.

Si rahisi kama wanavyodhani. Sheria hiyohiyo inahesabu kuwa ajira imesitishwa pale mkataba wa muda maalumu unapoisha na usihuishwe ndani ya wiki moja kwa masharti yaleyale au yasiyo duni. Zamani kilikuwa kifungu cha 65. Toleo la sheria zilizopitiwa upya, lililoanza kutumika Julai 2024, limebadilisha namba za vifungu, kwa hiyo usiende kwa afisa kazi ukitaja namba ulizosoma kwenye karatasi ya zamani. Hata hivyo usikitegemee kifungu hicho peke yake. Mkataba ukiisha kimyakimya, bila neno, ni vigumu kuishawishi mahakama kwamba ulidhulumiwa, maana hata wewe ulipousaini ulijua una mwisho. Kinachokubeba ni sababu. Mkataba uliohuishwa mara tatu, kazi ipo, mnara upo, wenzako wasio wanachama wamehuishiwa, na kuna maandishi ya bosi yanayosema kwa nini wewe hukuhuishiwa: hapo kuna kesi. Meneja wenu amewaandikia ushahidi kwa mkono wake mwenyewe. Piga picha ya ujumbe ule leo, tarehe na namba yake ionekane, na uitume kwa watu wawili walio nje ya kampuni. Simu huibiwa, na makundi hufutwa.

Nisikudanganye kuhusu malipo. Afisa kazi akiona uliachishwa isivyo haki anaweza kuamuru fidia ya wiki nne za mshahara, na nyongeza isiyozidi mshahara wa miezi mitatu. Mahakama ya Viwanda, inayosikiliza migogoro ya kazi, huweza kwenda mbali zaidi, lakini foleni yake ni ndefu. Fedha hiyo hailipi ada za watoto mwaka mzima. Ndiyo maana kinga halisi ya mtu wa mkataba mfupi haiko mahakamani, iko kwenye idadi na mpangilio. Watu watano wakijulikana kuwa wanachama, watano hawatahuishiwa. Watu thelathini wakijulikana siku moja, kampuni haiwezi kuwaacha wote, kwani minara kutoka Malaba hadi Mbale haiwezi kupata mafundi thelathini wapya wenye diploma na waliozoea kupanda juu kwa mwezi mmoja.

Kwa hiyo fanyeni kwa utaratibu huu. Zungumzeni mmoja mmoja, nje ya kazi, na msitumie kundi la WhatsApp la kampuni. Chukueni fomu chamani. Kila mtu aandike jina, namba yake ya kazi na idara, aweke sahihi, kisha fomu zikae kwa mtu mmoja mnayemwamini. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni fomu tatu nne kupelekwa kwa mwajiri kwa haraka, "zingine zinafuata". Zingine huwa hazifuati. Subirini mpaka wengi wenu wamesaini, wahandisi wakiwemo, na mjitahidi watu ambao mikataba yao ina miezi mingi mbele ndio watangulie kuonekana. Hapo katibu mkuu wa chama ndiye aandike barua kwa wakala na kwa kampuni, akiambatisha fomu zote na nakala kwa Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi katika Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Barua iombe kutambuliwa kwa chama, na makato yaanze. Wakikataa au wakikaa kimya, mgogoro unakuwa kati ya chama na kampuni, na si tena kati yako na meneja. Hapo mmeshavuka mto.

Kutambuliwa kukipatikana ndipo majadiliano ya mkataba wa hali bora yanaanza. Msikimbilie asilimia ya mshahara. Kwa watu wa mikataba ya mwaka, kifungu cha kwanza ningekidai kiwe kinachosema baada ya kuhuishwa mara kadhaa mtu anapata ajira ya kudumu, na kwamba asiyehuishwa apewe sababu kwa maandishi. Cha pili, mkandarasi akibadilika, wafanyakazi na miaka yao ya kazi wahame nao. Hapo ndipo posho ya usiku na ya kupanda mnara. Mtazame pia mkataba unahusu ngazi zipi, maana hapo ndipo wahandisi wasimamizi huachwa nje wakijiona mameneja, kisha mwaka ukiisha wanaambiwa kwamba mshahara wa fundi aliye chini yao umewapita.

Mgomo, kwa kifupi: huduma za umeme, maji na hospitali zimo kwenye orodha ya huduma muhimu, ambako masharti ya kugoma ni makali zaidi, na kazi yenu inagusa mipaka hiyo. Kugoma bila chama kutambuliwa, bila notisi na bila kupitia afisa kazi ni kumpa meneja sababu halali ambayo leo hana.

Mawili kati ya malalamiko yenu hayahitaji kusubiri chama hata kidogo. Sheria ya Ajira inasema saa zinazozidi nane kwa siku au 48 kwa wiki zilipwe mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida, na mara mbili siku za sikukuu. Anzeni kuandika kila mwito wa usiku kwenye daftari: saa ya kutoka, mnara gani, saa ya kurudi, nani alipiga simu. Madai yasiyo na tarehe hukataliwa kirahisi.

Na huyo aliyeanguka. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inamtaka mwajiri abebe gharama za matibabu ya mtu aliyeumia kazini, na inamlazimisha kuwa na bima kwa ajili hiyo. Akibaki na ulemavu wa kudumu ana fidia juu yake, na ulemavu kamili huhesabiwa kwa mshahara wa miezi 60. Hahitaji kuwa mwanachama wa chochote. Anahitaji risiti za hospitali, fomu ya daktari inayosema ulemavu ni asilimia ngapi, na mtu aliyemwona akianguka. Kama wewe ndiye uliyekuwa chini ya mnara siku ile, nenda naye wiki hii kwa afisa kazi wa wilaya, na msiondoke kabla malalamiko hayajaandikwa kwenye daftari lake na ninyi kupewa nakala yenye mhuri.